Hukumu ya mwisho na matendo yetu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndo maswali yanayorudi rudi kila watu wakianza kuongelea siku ya mwisho. Nimeanza na yale ya msingi, yenye utata nimeyaweka chini. Makanisa yanapotofautiana nimesema, na nikitoa maoni yangu nimesema pia usije ukadhani ni Maandiko. Mistari mingi nimeitaja tu bila kuinukuu yote, fungua usome mwenyewe.

## Ya msingi

1. Hukumu ya mwisho ni nini hasa?

Ni fundisho kwamba Yesu Kristo atarudi, wafu watafufuliwa, na kila mtu aliyewahi kuishi atasimama mbele zake na maisha yake yawekwe wazi. Sio fundisho la kikundi fulani tu, limo kwenye Kanuni ya Imani ya Nikea, ile iliyoanzia kwenye mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa mwaka 325 na kukamilishwa Konstantinopoli 381, kwamba atakuja tena kwa utukufu kuwahukumu wazima na wafu. Wakatoliki, Waorthodoksi, Walutheri, Waanglikana wote wanaikiri, na Wapentekoste ambao wengi wao hawaisomi ibadani wanaamini jambo lile lile.

Ukitaka kusoma kwenye Biblia anza na Mathayo 25:31-46, halafu 2 Wakorintho 5:10, halafu Ufunuo 20:11-15. Hizo tatu zinabeba karibu kila kitu kilichoko hapa chini.

2. Anayehukumu ni Mungu Baba au Yesu?

Yesu. Yohana 5:22 inasema Baba hamhukumu mtu ila amempa Mwana hukumu yote, na mstari wa 27 unatoa sababu: ni kwa vile yeye ni Mwana wa Adamu. Watu wengi wanaruka hapo. Yaani hakimu mwenyewe aliwahi kusikia njaa, akasingiziwa, akasimamishwa mbele ya Pilato na kuhukumiwa kwa kesi ambayo hata Pilato aliona haina kichwa wala miguu. Anajua kukaa upande wa mshtakiwa kukoje.

3. Ni lini?

Hakuna anayejua, Mathayo 24:36, na hapo Yesu anasema hata malaika hawajui. Pamoja na hayo watu hawaachi kupiga hesabu. William Miller kule Marekani alihubiri kwamba Kristo anarudi kati ya 1843 na 1844, mwishowe wafuasi wake wakashika tarehe 22 Oktoba 1844, ikapita. Harold Camping, naye Mmarekani, akatangaza 21 Mei 2011, ikapita vilevile. Ukikuta mtu ana tarehe, huna haja hata ya kukagua hesabu zake.

4. Kama Mungu anajua kila kitu, mahakama ya nini sasa?

Swali zuri. Jibu la kawaida la wanateolojia ni kwamba hukumu hiyo sio upelelezi, Mungu hatafuti taarifa asizo nazo. Ni kuweka wazi, ili kila mtu na kila kiumbe aone kwamba Mungu ametenda haki.

Ila mimi naona jibu linakamilika ukiliangalia kutoka upande wa aliyeonewa. Kwenye Ufunuo 6:10 waliouawa wanalia "hata lini?", na sura ya 20 mstari wa 13 inasema bahari ikawatoa wafu waliokuwamo ndani yake. Fikiria hao ni kina nani, watu waliotoswa, waliopotea bila kaburi, bila faili, bila shahidi, kesi ambazo duniani zilishafungwa au hazikufunguliwa kabisa. Mtu ambaye hajawahi kudhulumiwa sana anaisikia hukumu kama kitisho tu, aliyedhulumiwa anaisikia kama ahadi.

## Neema na matendo

5. Tumeokolewa kwa neema, mbona tena tunahukumiwa kwa matendo?

Hili ndo swali lenyewe, mengine yote yanatokea hapa.

Waefeso 2:8-9 iko wazi, ni kwa neema kwa njia ya imani, wala si kwa matendo mtu asije akajisifu. Halafu 2 Wakorintho 5:10 nayo iko wazi, wote tutadhihirishwa mbele ya kiti cha hukumu cha Kristo ili kila mtu apokee kadiri alivyotenda. Na zote ni barua za Paulo, kwa hiyo huwezi kusema huyu na yule hawakuelewana. Tena ukiendelea mstari mmoja tu mbele kwenye Waefeso, wa 10, unakuta tumeumbwa katika Kristo tutende matendo mema. Watu wanakariri 8 na 9 wanaiacha 10 inaning'inia.

Jinsi Wakristo wengi wanavyoliunganisha ni hivi: matendo hayanunui wokovu, ila yanaonesha kama imani ilikuwepo kweli. Yakobo 2 inasema imani isiyo na matendo imekufa, na mfano anaotoa ni wa karibu kabisa, ndugu yuko uchi na hana chakula cha leo, wewe unamwambia enenda zako kwa amani ukaote moto na kushiba, unaondoka. Hujamtukana, hujamwibia, umembariki kabisa, na bado imani hiyo Yakobo anaiita maiti.

Tofauti zipo. Walutheri na warithi wengine wa Matengenezo ya Kanisa yaliyoanza na Martin Luther 1517 wanasisitiza kwamba mtu anahesabiwa haki kwa imani peke yake na matendo yanafuata kama tunda. Wakatoliki, kufuatana na Mtaguso wa Trento (1545 hadi 1563), wanasema neema ndo inaanza yote lakini mtu anashirikiana nayo na kukua katika haki. Walipigana vikumbo karne nyingi, ila tarehe 31 Oktoba 1999 kule Augsburg, Ujerumani, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja kwamba kwenye mambo ya msingi ya fundisho hili wanakubaliana. Wamethodisti wakajiunga 2006. Kwa hiyo anayekwambia upande fulani "wanaokolewa kwa matendo" na wengine "kwa imani" amechelewa kidogo.

6. Kwa hiyo Mungu ataweka mema na mabaya kwenye mzani?

Picha hii iko vichwani mwa watu wengi, na imechorwa sana kwenye makanisa ya zamani Ulaya, malaika Mikaeli ameshika mzani roho zinapimwa. Mzani wa hukumu kwenye Biblia upo, maarufu ni ule wa Danieli 5:27, mfalme Belshaza alipoambiwa amepimwa akaonekana amepunguka. Lakini ukisoma vizuri hakuna mahali Agano Jipya linaposema mema yakizidi mabaya unapita. Sio mtihani wa kufikisha asilimia 51.

Kwenye Ufunuo 20 kinachofunguliwa ni vitabu, vile vya matendo na kimoja kingine, kitabu cha uzima. Wafu wanahukumiwa kwa yaliyoandikwa kwenye vile vitabu, lakini anayetupwa kwenye ziwa la moto ni yule ambaye jina lake halimo kwenye kile kimoja. Vyote viwili vipo mezani kwa wakati mmoja, na jibu la swali la 5 ndo linaeleza kwa nini havigombani.

7. Ni matendo gani hasa yatakayoangaliwa?

Mathayo 25 inataja sita: kumlisha mwenye njaa, kumnywesha mwenye kiu, kumkaribisha mgeni, kumvika aliye uchi, kumtazama mgonjwa, kumwendea aliyeko kifungoni. Basi. Hakuna muujiza hapo wala mkutano mkubwa wa injili. Angalia kwa mgonjwa na mfungwa, mgonjwa hakuambiwa aponywe na mfungwa hakuambiwa atolewe, ni kwenda tu kuwaona.

Na kuna vitu viwili kwenye hii habari ambavyo mahubiri mengi yanapita haraka. Cha kwanza, wale wa mkono wa kushoto hawasomewi kosa hata moja walilofanya. Hakuna uzinzi, hakuna wizi, hakuna mauaji kwenye shtaka lao, japo Biblia inayataja hayo kwingine kwa ukali. Wanasomewa tu ambayo hawakufanya, nalikuwa na njaa hamkunipa. Mtu aliyepanga maisha yake yote kwenye "mimi sijamdhuru mtu" anatakiwa asome hapa taratibu.

Cha pili, pande zote mbili zinashangaa, zinauliza swali lile lile: Bwana, ni lini tulikuona? Wenye haki nao hawakumbuki. Walikuwa hawahesabu. Kwa maoni yangu hapa ndo penye uzito wa fundisho zima, kwamba yale matendo tunayoyatunza kichwani ili siku ile tuyatoe yanaweza yasiwe ndo yatakayotajwa.

Kuna mabishano wale "ndugu zangu walio wadogo" ni nani, wengine wanasema ni maskini wote, wengine wanasema ni wanafunzi na wahubiri wa Yesu, kwa sababu Mathayo 10:42 inaongelea kikombe cha maji baridi anachopewa mmoja wa wadogo hao kwa kuwa ni mwanafunzi. Hoja zote mbili zina nguvu. Mwenye njaa aliyeko mbele yako lakini hakusubiri mabishano yaishe.

8. Na maneno je? Na mawazo?

Maneno ndiyo, Mathayo 12:36, kila neno lisilo maana litatolewa hesabu. Meseji na komenti sioni zinaponaje hapo. Mawazo pia, 1 Wakorintho 4:5 inasema Bwana atayadhihirisha hata mashauri ya mioyo. Ila uangalie, mstari huo huo unamalizia kwamba ndipo kila mtu atakapoipata sifa yake kwa Mungu. Yaliyofichika sio mabaya tu, kuna watu walijizuia, walivumilia, walinyamaza mahali ambapo wangeweza kujibu, na hakuna aliyejua.

9. Nikifanya jema ili nionekane, linahesabika?

Mathayo 6:1-4, wanaotoa sadaka kwa kupiga panda mbele yao wamekwisha kupata thawabu yao. Wameshalipwa, hawadai. Njaa ya uliyempa imepungua hata hivyo, kwa hiyo usiache kutoa kisa unaogopa nia yako haijanyooka, toa na nia uendelee kuishughulikia.

10. Mimi sina uwezo, ni mgonjwa au maskini, nitakuwa na nini cha kuonesha?

Soma mfano wa talanta, Mathayo 25:14-30. Aliyeleta tano za faida anaambiwa maneno kwenye mstari wa 21, aliyeleta mbili anaambiwa kwenye mstari wa 23, linganisha: ni maneno yale yale, "vema, mtumwa mwema na mwaminifu". Wa mbili hapigiwi makofi madogo. Na yule mjane wa Marko 12 alitoa senti mbili Yesu akasema ametoa kuliko wote.

## Ratiba ya mambo

11. Mtu anahukumiwa akifa tu au anasubiri siku ya mwisho?

Waebrania 9:27 inasema watu wanawekewa kufa mara moja na baada ya kufa hukumu, haisemi baada ya muda gani, na hapo ndo makanisa yanapoachana.

Wakatoliki wanafundisha hukumu mbili. Mtu akifa tu anapata hukumu yake binafsi, anaenda mbinguni, toharani kwa kutakaswa, au motoni, Papa Benedikto wa 12 alilitangaza hilo rasmi mwaka 1336. Halafu siku ya mwisho kuna hukumu ya jumla, haibadilishi ile ya kwanza ila inaiweka hadharani na kuonesha matokeo ya matendo ya mtu mpaka mwisho wa ncha. Hii ya matokeo naipenda, maana ubaya au wema wa mtu hauishi anapozikwa, watu wanaendelea kuishi ndani ya alichoacha.

Waorthodoksi wanawaombea wafu bila kufundisha toharani kwa namna ya Kikatoliki, na wana Jumapili nzima ya Hukumu ya Mwisho kabla Kwaresima haijaanza, siku hiyo inasomwa Mathayo 25. Waprotestanti wengi wanasema mwamini akifa yuko na Kristo moja kwa moja, na hukumu ya wazi ni mwishoni. Waadventista wa Sabato wanasema wafu wamelala hawajui neno, na kwamba kuna hukumu ya upelelezi, yaani kupitiwa kwa kumbukumbu za maisha ya watu, inaendelea mbinguni tangu 1844, mwaka ule ule wa swali la 3.

12. Aliyeokoka naye anahukumiwa?

Yohana 5:24 inasema anayeamini haingii hukumuni. Warumi 14:10 inawaambia waamini kwamba sote tutasimama mbele ya kiti cha hukumu. Zinapatana ukielewa kwamba haingii kwenye kuhukumiwa adhabu, ila hesabu anatoa.

Picha nzuri ni ya 1 Wakorintho 3:10-15. Msingi ni Kristo, juu yake mmoja anajenga kwa dhahabu, fedha na mawe ya thamani, mwingine kwa miti, majani na manyasi, moto unapita. Kazi ya huyu wa pili inateketea yote na mwenyewe anaokolewa, "ni kama kwa moto". Paulo alikuwa anawaongelea hasa wahubiri na wajenzi wa kanisa, wengi wanasahau.

Baadhi ya makanisa, hasa yanayofuata mfumo wa John Nelson Darby wa karne ya 19, yanasema hizi ni siku mbili tofauti kabisa, kiti cha Kristo cha kuwapa waamini thawabu, na kiti cheupe cha Ufunuo 20 kwa wasioamini. Kanisa la miaka mingi kabla yake lilizisoma kama hukumu moja.

13. Dhambi nilizosamehewa zitaoneshwa hadharani kama sinema?

Ile ya skrini kubwa na ukoo wako wote umekaa unaangalia haipo kwenye Biblia, ni ya wahubiri. Yeremia 31:34 Mungu anasema dhambi yao sitaikumbuka tena, na Mika 7:19 zinatupwa vilindi vya bahari.

Hata hivyo wanateolojia wa karne za kati walibishana kama zilizosamehewa zitajulikana, na waliosema ndiyo walisema hazitamuaibisha mtu, zitaonesha ukubwa wa rehema aliyopata. Ukifikiria, dhambi za Petro na Daudi tunazijua wote mpaka leo na hakuna anayewacheka.

14. Wote wanapata sawa?

Hapana. Luka 12:47-48, mtumwa aliyejua mapenzi ya bwana wake asiyatende anapigwa sana, asiyejua anapigwa kidogo. Na Mathayo 11:20-24, Yesu anasema Tiro na Sidoni watapata nafuu kuliko Korazini na Bethsaida, na Sodoma kuliko Kapernaumu, mji ambao yeye mwenyewe alikaa. Waliomwona kwa macho ndo wenye deni kubwa.

## Kesi ngumu

15. Wasiowahi kusikia injili je?

Warumi 2:12-16 inasema wasio na sheria watahukumiwa kwa ile iliyoandikwa mioyoni mwao, dhamiri ikiwashuhudia. Kanisa Katoliki kwenye Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1964, hati ya Lumen Gentium namba 16) lilisema asiyeijua injili bila kosa lake, akamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kufuata dhamiri kwa msaada wa neema, anaweza kuokoka. Waprotestanti wengi wa kiinjili wanasita, wanasema Warumi 2 inaeleza jinsi mtu anavyopatikana na hatia na sio jinsi anavyookoka, ndo maana wanasisitiza umisheni. Kanuni ya swali la 14 wote wanaikubali.

16. Watoto wachanga, au mtu mwenye ulemavu mkubwa wa akili?

Mtu hahukumiwi kwa matendo ambayo hakuwa na uwezo wa kuyachagua. Daudi alipofiwa na mtoto alisema mimi nitakwenda kwake, 2 Samweli 12:23. Upande wa Wakatoliki, Tume ya Kimataifa ya Teolojia ilitoa hati 2007 kwamba kuna sababu nzito za kutumaini kwamba watoto waliokufa bila ubatizo wanaokolewa.

17. Nitahukumiwa kwa dhambi za wazazi au ukoo wangu?

Hapana. Ezekieli 18:20, mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Anayekutoza hela kukuondolea hukumu ya babu yako muulize kuhusu mstari huo.

18. Mtu katili maisha yake yote akitubu dakika ya mwisho, inakuaje?

Anapokelewa, mwizi msalabani ndo ushahidi, Luka 23:39-43. Ila msome vizuri, watu wanasema hakuwa na matendo yoyote. Alikuwa amening'inia, kupumua kwenyewe shida, na bado alimkemea mwenzake, akakiri kwamba wao wanastahili, akamtetea asiye na hatia wakati wanafunzi wengi wamekimbia, halafu ndo akaomba akumbukwe. Muda ulikuwa mfupi, tunda likatoka hivyo hivyo. Na anayepanga kutubu mwishoni hafanani naye, yule mwizi hakupanga.

19. Nimeshatubu, bado nirudishe nilichoiba?

Kama kipo na mwenyewe yupo, rudisha. Zakayo (Luka 19:8) aliahidi kuwarudishia aliowadhulumu mara nne ya alichochukua, na nusu ya mali yake kwa maskini, na hakuna aliyemwomba. Hanunui msamaha, rudi swali la 5.

20. Aliyenitesa akitubu akasamehewa, haki yangu mimi iko wapi?

Hapa sitaki kukupa jibu la haraka haraka. Fundisho linasema dhambi yake haikupita kimya, iliwekwa juu ya Kristo msalabani, kwa hiyo haikusamehewa kwa kujifanya haikutokea. Na toba ya kweli inamleta mpaka kwako, kukiri na kurudisha, kama la 19. Kusamehe pia hakukuzuii kuripoti kosa kwa vyombo vya sheria, Warumi 13 inasema mamlaka zipo kwa kazi hiyo.

21. Mhubiri aliyefanya miujiza kweli anaweza kukataliwa?

Ndiyo, Mathayo 7:21-23. Wanataja unabii, kutoa pepo, miujiza mingi, na hakimu habishi kwamba vilitokea. Anasema tu sikuwajua ninyi kamwe. Yakobo 3:1 inaongeza kwamba walimu watapata hukumu kubwa zaidi, tukiwemo sisi tunaoandika kurasa kama hizi.

22. Aliyejiua amehukumiwa tayari?

Makanisa yote yanafundisha uhai ni wa Mungu na sio wetu kuutoa. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki (2282 na 2283) inasema matatizo makubwa ya akili, hofu au mateso hupunguza wajibu wa mtu, na tusikate tamaa juu ya wokovu wake kwani Mungu anaweza kumpa nafasi ya toba kwa njia anazozijua mwenyewe. Familia iliyofiwa isiambiwe zaidi ya hapo. Na kama ni wewe unayefikiria hivyo sasa hivi, funga ukurasa huu umpigie mtu unayemwamini au uende hospitali leo.

23. Naweza kusema fulani yuko motoni?

Hapana, 1 Wakorintho 4:5, msihukumu kabla ya wakati. Kanisa Katoliki limetangaza watakatifu wengi kwa majina, halijawahi kutangaza rasmi jina la mtu yeyote kwamba yuko jehanamu.

24. Malaika nao wanahukumiwa?

Walioasi ndiyo, Yuda 6 na 2 Petro 2:4 zinasema wamewekwa kwa hukumu. Na 1 Wakorintho 6:3 Paulo anasema sisi tutawahukumu malaika, hafafanui zaidi. Alikuwa anawagombeza Wakristo wa Korintho waliopelekana mahakamani, akiwauliza kama kazi hiyo inawasubiri, wanashindwaje kumaliza vikesi vyao wenyewe.